CR-Z ya gia za mkono: anza na betri, si klachi

Habari mkuu. Umeuliza kama ununue Honda CR-Z ya 2011 ya gia za mkono hapa Dodoma, au usubiri haibridi (gari la injini ya mafuta na mota ya umeme) mpya ya michezo yenye klachi. Mimi nasema usisubiri. Haibridi nyingi za Toyota huunganisha injini na mota kwa gia za sayari (gia ndogo zinazozunguka gia ya kati), hivyo pedali ya klachi haina kazi. Kwenye CR-Z, ambayo nayo ni haibridi, mota nyembamba ya umeme imekaa kati ya injini na giaboksi ya gia 6, ndiyo maana klachi ilibaki.

Kagua kwanza betri kubwa ya nyuma. Endesha dakika 20 ukitazama geji yake: ikiporomoka ghafla kutoka karibu kujaa, seli zimechoka. Feni inayoipoza hunyonya hewa ya ndani ya gari, na vumbi letu la kiangazi huiziba. Ifunguliwe, isafishwe. Betri ikifa gari linatembea, ila ukipanda kilima cha Chimwaga utaona nguvu iliyopotea.

Klachi ipime hivi: kilomita 40 kwa saa, gia ya 4, kanyaga mafuta hadi chini. Injini ikipandisha mzunguko na mwendo ukabaki palepale, inateleza. Oili ya giaboksi ni MTF, yaani ya gia za mkono. Fundi akitaka kuweka ATF, ambayo ni ya gia za otomatiki, mkatalie.