Petali zinalala, vichwa vinachomoka: karatasi ina upande wake

SWALI: Fundi, habari za kazi? Mimi na binti zangu tumetengeneza mapambo ya karatasi nyumbani kuyakaribisha majira ya kuchipua: tulipu na dafodili za kuweka kwenye chupa, rozeti za ukutani (maua ya duara ya karatasi iliyokunjwa), na vipepeo wa kuning'iniza dirishani. Siku ya kwanza yalipendeza mno. Wiki haijaisha, petali za tulipu zimefunguka zikalala, vichwa viwili vimechomoka kwenye waya, na vipepeo wa rangi ya waridi wamepauka upande unaotazama jua. Rozeti moja ndiyo kabisa, haikukubali kufunga duara, tulipoilazimisha ikachanika. Tulitumia karatasi za rangi za printa, krepu kidogo (ile karatasi ya mikunjo midogo inayovutika) na gundi nyeupe ya maji. Mume wangu anashauri tupulizie vanishi. Je, kosa ni karatasi, gundi au mikono yetu? Na tukitengeneza mengine, yatawezekana kutunzwa hadi mwakani?

JIBU: Salama, dada, na pole kwa rozeti. Mikono yenu haina neno. Sehemu kubwa ya uliyoyataja inatoka mahali pamoja: karatasi ina upande, nanyi mlikata bila kuuangalia. Vichwa kuchomoka na rangi kupauka ni kesi nyingine, nitazifikia.

Karatasi ya kiwandani huanza kama rojo la nyuzi za mti ndani ya maji mengi, linalomwagwa juu ya mkanda wa wavu unaokwenda mbio. Kanuni hiyo imekuwapo tangu mashine ambayo Louis-Nicolas Robert aliipatia hataza Ufaransa mwaka 1799. Kwa kuwa mkanda unakwenda upande mmoja, nyuzi nyingi nazo hulala kuelekea hukohuko, kama magogo yanayoteremka na mto. Maji yakichujika na karatasi ikakauka, zinabaki zimelala vile. Ndiyo maana karatasi hukubali vizuri kukunjwa ukiufuata mwelekeo wa nyuzi, lakini ukiikunja kwa kuzikingama inagoma, na ikiwa nene inapasuka mgongoni mwa mkunjo.

Halafu kuna unyevu. Uzi wa karatasi ukinywa maji hunenepa kuliko unavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka kwa kukingama nyuzi mara kadhaa kuliko inavyotanuka kwa kuzifuata. Mapambo yenu, hasa yaliyo karibu na dirisha, yako kwenye hewa inayobadilika kutwa: asubuhi kioo kina umande, mchana jua limekiwakia. Karatasi inakunywa na kukauka, inakunywa na kukauka, na kila mzunguko unaulegeza ule mviringo wa petali mliouweka, nadhani kwa kuzizungushia penseli. Gundi ya maji nayo imechangia, maana maji yake ni mengi na yote yameingia kwenye nyuzi palepale mlipobandika.

Basi kabla ya kukata chochote, tafuta upande. Kata vipande viwili vya upana wa sentimita 2 na urefu wa 15, kimoja kwa urefu wa karatasi, kingine kwa upana wake. Viweke kimoja juu ya kingine, vishike pamoja kwenye ncha moja, uviache vijitokeze mbele ya vidole. Kisha vigeuze, cha chini kiwe juu. Upande mmoja vitashikamana, upande wa pili cha chini kitainama na kuachana na cha juu. Kinachoinama ndicho ambacho nyuzi zimekikingama. Kilichobaki kimenyooka nyuzi zinakwenda kwa urefu wake. Ukiwa na kipande kidogo tu, lowesha uso mmoja wa mraba wa sentimita 5 kwa kidole. Utajiviringa wenyewe kuwa mrija, na mrija huo umelala sambamba na nyuzi. Karatasi za A4 za printa mara nyingi nyuzi zake zinafuata ule urefu wa sentimita 29.7, ila usiape, pima. Ukishajua, chora mshale mdogo kwa penseli nyuma ya kila karatasi. Watoto wataifurahia kazi hiyo, na itakuokoa baadaye vikatwa vikishachanganyika mezani.

Sasa tulipu. Ua lake lina petali sita, tatu za ndani na tatu za nje, na kila moja imesimama huku imejipinda kama sehemu ya kikombe. Angalia inavyojipinda: kutoka kushoto kwenda kulia, kuizunguka mistari inayopanda kutoka kitakoni hadi nchani. Kwa hiyo nyuzi lazima zipande vilevile, kutoka kitakoni hadi nchani. Hapo unapata mawili kwa mpigo: petali inajipinda bila ubishi, na nyuzi zinaisimamisha isiiname mbele. Nikisoma barua yako nahisi mlizipanga petali kwenye karatasi kwa namna ya kubana nafasi, nyingine wima nyingine mlalo. Zile za mlalo ndizo zilizolala kwanza. Kaziangalie.

Dafodili ina petali sita pia, lakini zimetandaa na katikati kuna tarumbeta. Petali zake nazo zitakate nyuzi zikienda kwa urefu, la sivyo zitaning'inia kama masikio. Tarumbeta ndiyo kazi ya krepu. Ukiitazama krepu utaona mistari yake ya mikunjo midogo; inavutika kwa kuikingama mistari hiyo tu. Kata ukanda ambao mistari inasimama wima, uviringe kuwa mrija, kisha ukingo wa juu uvute kidogo kidogo kati ya vidole gumba viwili mpaka ufanye mawimbi. Chini usiguse. Ukikosea upande hapa hutahitaji kuambiwa, kwani krepu itakatika mkononi.

Kuna petali zinazokuletea mgongano wa kweli, zile zinazotakiwa zisimame lakini ncha zijikunje kuelekea nje. Kusimama kunataka nyuzi za wima, kukunjika ncha kunataka nyuzi za mlalo. Mimi huchagua wima, halafu ncha naifanyia kazi: napitisha ubavu wa mkasi nyuma yake, kidole gumba kikibana juu, mara tatu nne taratibu, badala ya kuvuta mara moja kwa nguvu na kuacha mkwaruzo.

Kama unataka umbo lisilolegea hata hewa ikiwa na unyevu, ipo njia ninayoitegemea kuliko zote, nayo inaigeuza gundi ya maji kuwa rafiki. Bandika karatasi mbili za printa mgongo kwa mgongo, nyuzi za zote mbili zikielekea upande mmoja. Gundi iwe nyembamba sana, isambazwe kwa ukingo wa kadi ngumu. Kata petali mara moja, na gundi ikiwa bado na ubaridi mkononi, ilaze juu ya mgongo wa kijiko kikubwa au ubavu wa chupa, uifungie kwa kitambaa laini mpaka ikauke kabisa. Karatasi hizo mbili ziliteleza kidogo moja juu ya nyingine wakati wa kupinda. Gundi ikishakauka haziwezi kurudi. Petali inatoka na umbo lake, ukiibonyeza inaruka kurudi. Ni kazi ya subira, na kwa ua moja la tulipu inakula jioni nzima, lakini maua matatu ya namna hiyo yanashinda kumi yanayolala.

Kwa wasio na subira hiyo, badilini uzito tu. Karatasi ya printa ni gramu 80 kwa mita ya mraba, na kwa petali ndefu kuliko sentimita 6 hivi naiona dhaifu. Gramu 120 inatosha. Manila ya gramu 160 kwenda juu iache kwa vipepeo na majani. Kwenye petali inakuwa kama kibao.

Gundi yenyewe, ile nyeupe, si mbaya. Ubaya ni wingi wake. Chovya kijiti cha meno, weka tone, lisambaze liwe utando, usubiri sekunde kadhaa lianze kunata, ndipo ubandike. Gundi ya kijiti haikunji karatasi lakini huachia pale penye mvutano, kwa hiyo itumie kwa kubandika bapa tu. Bunduki ya gundi ya moto inashika haraka, ila dirishani sikushauri: jua likiwaka juu ya kioo gundi hiyo inalainika na pambo linashuka lenyewe. Zaidi ya hapo inaunguza. Hata zile za joto la chini zinafika kama nyuzijoto 120. Watoto waiangalie kwa mbali.

Vichwa vilivyochomoka havihusiani na nyuzi. Mlipitisha waya ulionyooka katikati ya ua mkatia gundi, sivyo? Gundi haina pa kushika kwenye chuma laini. Pinda ncha ya waya kwa plaisi iwe kulabu ya nusu sentimita, izungushie karatasi laini iliyolowa gundi kidogo mpaka upate kitufe cha ukubwa wa punje ya mahindi, uache kikauke. Petali zifunge kwenye kitufe hicho kwa uzi, tatu za ndani kwanza, kisha tatu za nje zikifunika nafasi zilizoachwa, uzi ukizunguka chini ya kitufe ambako ni pembamba. Kichwa hakiwezi tena kupita juu ya kulabu. Kwa shina, waya wa namba 18, unene wa kama milimita 1, unatosha. Kumbuka namba ikipanda waya unakuwa mwembamba, kwa hiyo 26 ni wa majani tu. Utepe wa kufungia shina utauona kama hauna gundi. Uvute huku unauzungusha. Nta iliyomo ndani hunata ukishavutwa.

Rozeti ni hesabu. Duara lina mzingo wa mara 6.28 ya nusu kipenyo chake, na nusu kipenyo cha rozeti ni upana wa ukanda. Ukanda wa upana wa sentimita 5 unahitaji angalau sentimita 31.4 ili ufunge duara, na hapo mikunjo itakuwa imenyooka yote pembeni, huna rozeti bali sahani. Ili mikunjo ionekane, nenda mara 8 ya upana, yaani sentimita 40. Nadhani mlikata ukanda mmoja kwa urefu wa A4. Ni sentimita 29.7, haifiki hata kwenye sahani, lazima ingechanika. Na tena mikunjo yenu ilikingama nyuzi. Kata kanda mbili kwa upana wa karatasi, sentimita 21 kila moja, uziunge kwa kulalisha mkunjo mmoja juu ya mwingine: unapata sentimita 41, na safari hii kila mkunjo unafuata nyuzi. Kunja kodiani ya sentimita 1, mbele na nyuma, ukipitisha ukucha kwenye kila mkunjo. Utashangaa jinsi inavyofunga bila vita.

Vipepeo wakunje kiwiliwili kikifuata nyuzi, na muwaning'inize angalau sentimita 10 kutoka kwenye kioo, umande usiwafikie.

Kupauka sasa. Krepu, karatasi laini na karatasi nyingi za bei nafuu hutiwa rangi za kuyeyuka, na mwanga huzivunja. Kioo cha dirisha huzuia sehemu tu ya miale ya urujuanimno. Iliyobaki inapita na kufanya kazi yake. Waridi na zambarau mara nyingi ndizo za kwanza kuondoka. Zipime kabla: kata ukanda wa kila rangi, nusu uifunike kwa kitabu, nusu uiache juani dirishani kwa wiki. Zitakazobaki sawa pande zote mbili ndizo za dirishani. Nyingine ziende ukutani mbali na jua. Njia nyingine ni karatasi nyeupe nzuri mliyoipaka wenyewe kwa rangi ya akriliki, ambayo kwa kawaida huvumilia mwanga zaidi. Karatasi ya gazeti msitumie kabisa juani. Ina lignini nyingi, dutu ya asili ya mti, nayo itageuka njano.

Vanishi ya mume wako nisingeikataa moja kwa moja, ila haitarudisha umbo lililolegea wala rangi iliyokwenda. Ya maji italowesha nyuzi na kuanza matatizo upya. Ya kupuliza isiyong'aa inafaa kwa vipepeo vya manila: nje penye hewa, kopo likiwa sentimita 30 hivi, tabaka jepesi, likauke, kisha lingine. Krepu na karatasi laini zinaweza kugeuka kama zimelowa mafuta, kwa hiyo jaribu kwenye kibaki kwanza.

Kutunza hadi mwakani inawezekana. Rozeti usizifunge kwa gundi. Zibane kwa kibanio cha karatasi upande wa nyuma, ili zikunjike tena kuwa bapa na zikae ndani ya kitabu. Vipepeo vivyo hivyo. Tulipu na dafodili zichome mashina kwenye kipande cha povu ndani ya boksi lenye kimo cha kutosha, vichwa visiguse kifuniko wala visigusane, na boksi likae kabatini, si bafuni wala karibu na jiko.