Swali la lugha: Ni "tamaa" au "matamanio", "uchochezi" au "uchokozi"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, najitolea kwenye jumba dogo la sanaa. Tunaandaa onyesho la picha, michoro na filamu kuhusu mapenzi na mwili, na nimepewa kazi ya kuandika vibao vya maelezo kwa Kiswahili. Kwenye kibao kimoja nimeandika: "Msanii anatumia picha za uchochezi kuonyesha tamaa ya mwili wa mwanamke." Mzee mmoja wa kamati ameikataa sentensi yote, anasema inanuka dhambi na polisi. Je, niandike "matamanio" badala ya "tamaa"? Na hapo kwenye "uchochezi" niweke nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee wako ana haki, tena amegusa mambo mawili tofauti kwa mkupuo.

Nianze na polisi. Kwa Mtanzania wa leo, uchochezi ni kosa la jinai. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilitaja makosa ya uchochezi kwa jina, na kabla na baada yake magazeti yamefungiwa na wanasiasa wamepandishwa kizimbani kwa neno hilohilo. Kitenzi "chochea" hakina ubaya, maana hata moto wa kuni unachochewa chakula kiive. Nomino yake ndiyo iliyohamia mahakamani. Ukiibandika chini ya picha, umeshamfungulia msanii kesi kabla mtazamaji hajatazama chochote.

Kesi za namna hiyo zipo kweli. Aprili 2018 bodi ya Kenya inayoainisha filamu ilipiga marufuku "Rafiki", filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Hoja ya bodi ilikuwa kwamba filamu imekusudia kuhamasisha mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria za nchi. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu jijini Nairobi ikaifungulia kwa siku saba tu, ili iweze kutimiza sharti la kuwania Oscar, na kumbi zikajaa. Sasa fikiria mtu anayeipenda filamu ile, anataka kuisifu, halafu anaandika kuwa ni "kazi ya uchochezi". Bila kujua amehamia upande wa mashtaka.

Jina la filamu yenyewe lina somo kwetu. Kahiu ameeleza kwamba Kenya watu wa jinsia moja wanaopendana hawawezi kutambulishana hadharani kama wapenzi, hivyo husema tu, "Huyu ni rafiki yangu." Neno la kila siku, lisilomshtua mzazi wala jirani, likabebeshwa mzigo wote wa mapenzi. Mswahili wa pwani analijua fumbo la aina hii tangu utotoni. Ameliona kwenye jina la kanga, amelisikia kwenye taarabu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye "uchokozi", neno ambalo nadhani ndilo ulilokuwa unalinyemelea. Ni zuri, na ni salama kuliko uchochezi, lakini lipime kwanza. Kuchokoza kuna mtu anayelengwa. Mtoto anamchokoza mwenzake hadi alie, na mpenzi anamchokoza mpenziwe hadi acheke. Taarabu ya miaka ya 1990, ile tuliyoiita rusha roho, iliishi kwa uchokozi wa namna hii: mpasho unatoka jukwaani, na mwanamke mmoja ukumbini anajua fika kuwa umemlenga yeye. Anainuka na noti yake mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji kwa madaha ili kumjibu mbaya wake. Sanaa ikilenga mtu au kundi kwa namna hiyo, tuna maneno yetu tele: kijembe, mpasho, kijembe cha chinichini. Yatumie bila woga, hayana upungufu wowote.

Kazi nyingi za sasa kuhusu mwili na mapenzi, hata hivyo, hazimpigi mtu kijembe. Zanele Muholi wa Afrika Kusini amekuwa akipiga picha za wanawake wanaopendana na wanawake tangu miaka ya 2000. Mwaka 2009 waziri wa sanaa wa nchi hiyo alitoka nje ya onyesho mjini Johannesburg kwa kukerwa na picha za wanawake wamekumbatiana, zikiwemo za Muholi, na akazieleza kuwa kinyume cha maadili. Katika picha zile hakuna aliyekuwa anamchokoza waziri. Wanawake wale walikuwa wamejilalia, wameshikana. Picha zilichofanya ni kugusa jambo lililofunikwa, likatoka lenyewe.

Kiswahili kina kitenzi cha kitendo hicho, nacho ni "chokonoa". Unachokonoa tundu kwa kijiti hadi kilichojificha ndani kitoke. Walimu na waandishi wa habari wameshakipa sifa yake: tunasema "swali chokonozi", yaani swali linalomlazimisha mtu kutoa alichokuwa amekikalia. Basi sema "picha chokonozi", "filamu chokonozi", na nomino yake ni "uchokonozi". Naipenda kwa sababu inamwachia mtazamaji kazi. "Sanaa ya kusisimua" usiiguse, maana filamu ya kusisimua kwetu ni ya bastola na magari kufukuzana.

Tena usidhani uchokonozi wa aina hii umeletwa na ndege. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, aliitoa ngoma ya unyago kwenye chumba cha wanawake, mahali ambapo mambo ya kitandani hutajwa kwa majina yake, akaipandisha jukwaani mbele ya wanaume na wageni. Wapo waliochukia. Ngoma ilikuwa ileile, kilichobadilika ni nani aliyeruhusiwa kuisikia.

Tuje kwenye dhambi. "Tamaa" na "tamani" yanafanana kwa sauti, na wengi huamini ni ndugu. Si ndugu. Yote ni ya Kiarabu, lakini ya mizizi miwili: tamaa imetoka kwenye neno la uroho wa kutaka kisicho chako, na tamani kwenye neno la kutumaini na kuota jambo lije. Waswahili wamebaki na tofauti hiyo bila kufundishwa. Tamaa mbele, mauti nyuma. Tamaa ya mali, tamaa ya mwili, na mahubiri yote unayoyajua. Kwa hiyo ukiandika "tamaa" kwenye kibao, umekwisha hukumu. Haki ya neno hili ni kwamba lina upande wa pili: anayekata tamaa hajaacha uroho, amepoteza matumaini. Kahiu alisimulia kuwa bodi ilimtaka abadilishe mwisho wa filamu yake kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Kwa Kiswahili ungeweza kusema kuwa tamaa zote mbili, ya mwili na ya matumaini, zilishitakiwa pamoja, lakini hayo ni maneno ya makala, kibao kidogo hakiyawezi.

"Matamanio" basi ni bora, nakubali. Ila sentensi yako ina ugonjwa ambao kubadilisha nomino peke yake hakuuponyi. "Tamaa ya mwili wa mwanamke": ya nani? Mwili wa mwanamke ndio unaotaka, au kuna mtu anayeutaka mwili huo? Kile "ya" kinakubali maana zote mbili, na "matamanio ya mwili wa mwanamke" yatakuacha palepale. Katika sanaa hii swali hilo si dogo hata kidogo. Ndiyo kazi yenyewe.

Mtazame Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na kusomea sanaa Marekani. Kolaji zilizompatia jina amezitengeneza kwa vipande alivyokata kwenye majarida ya mitindo, ya pikipiki na ya ngono. Midomo minene yenye rangi inatoka ukurasa huu, macho ukurasa ule, mguu unageuka chuma au unakuwa wa mnyama, ngozi ina madoa kama ya ugonjwa. Kila kipande kilipigwa picha ili kitamaniwe. Vikishaunganishwa vinakuwa mwanamke anayekukazia macho, na hujui tena kama unamtaka au unamwogopa.

Ukitaka kulisema hilo, achana na nomino ushike kitenzi. Viambishi vya Kiswahili vinakutenganishia watu bila taabu: kuna anayetamani, kuna anayetamaniwa, kuna anayetamanisha kwa makusudi, kuna anayetamanika hata asipofanya lolote. Na kuna wanaotamaniana, ambao ndio wa Muholi. Lugha nyingi zingehitaji sentensi nzima kwa kila mmoja wao, sisi tunabadilisha silabi moja au mbili.

Maneno mengine niyapitie haraka. "Shauku" na "hamu" ni mapana mno, mtu ana hamu ya embe na shauku ya kusafiri. "Ashiki" ni tamu, nayo ni ya mashairi na taarabu. Itumie pale kazi inapoimba. "Uchu" unatoka jikoni kwenye kitoweo na sasa umeenda kwenye madaraka, una ukali wa njaa. "Nyege" kila mtu analijua na hakuna anayelitaja mbele ya mkwewe. Kwa mwili usio na nguo andika "uchi" au "utupu", la pili lina staha kidogo zaidi. Usiandike "picha chafu", labda uwe unanukuu anayelalamika.

Sasa kibao chako, kama kazi inafanana na nilivyoielewa: "Katika picha hizi chokonozi, msanii anamwonyesha mwanamke anayetamaniwa na kila jicho, kisha anauliza yeye mwenyewe anatamani nini." Kama wanawake waliomo wanatazamana wao kwa wao, andika tu "msanii anawaonyesha wanawake wanaotamaniana". "Matamanio" liweke kwenye jina la onyesho, pale mlangoni, ambapo neno moja linatosha. Mpelekee mzee kabla hujachapa.