Mteja Ananunua Siku Yako ya Kurudi: Niliyojifunza Katika Kazi ya Kukata Nyasi

Nilianza kazi hii na mashine ya kuazima, reki moja na jozi ya buti. Kila Jumamosi jioni ilinibidi nimrudishie mwenye mashine mali yake ikiwa imesafishwa na tangi limejaa petroli. Nalitaja hilo kwa sababu karibu kila anayenijia kuomba ushauri huanza na mashine: anunue ipi, yenye nguvu kiasi gani, ya kusukuma au ya kupanda. Nitafika huko. Lakini wateja wangu wa mwanzo niliwapoteza wakati mashine yangu ikiwa nzima kabisa, kwa hiyo naomba tuanzie kwenye nyasi zenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye uwanja wake ulikuwa umeachwa hadi nyasi zikafika magotini. Akaniambia, "Zikate chini kabisa, kijana, nisizione mwezi mzima." Nikatii. Siku chache baadaye uwanja ulikuwa wa manjano kama mkeka wa zamani, na wiki zilizofuata magugu yakaota kila palipokuwa wazi. Aliponipigia simu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Umeniunguzia nyasi zangu." Hakuniita tena, na sikuwa na la kujitetea.

Jani ndilo jiko la mmea. Hapo ndipo chakula kinapopikwa kwa mwanga wa jua. Ukiliondoa lote kwa siku moja, mizizi husimama kukua, na vile vishina vyeupe vya chini, ambavyo havijawahi kuliona jua kali, huungua. Kanuni wanayoifuata watunza viwanja ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Ukitaka nyasi zikae kwenye sentimita 6, zikate kabla hazijapita 9. Zikiwa zimeshakuwa ndefu, zishushe kwa hatua, ukiziacha zipumue siku kadhaa kati ya mkato na mkato. Ukoka huvumilia kukatwa chini kuliko aina nyingi, ila nao una kikomo.

Sasa iangalie kanuni hiyo kwa jicho la biashara. Nyasi zikiwa katika msimu wa kukua, mtu anayekuja mara moja kwa mwezi hawezi kuitimiza, hata awe hodari namna gani. Tangu nilipolielewa hilo niliacha kuuza mkato nikaanza kuuza ratiba. Namwambia mteja kwamba nitakuja kila wiki nyasi zinapokua kwa kasi, kila wiki mbili zinapopunguza, na ukame au baridi ikizisimamisha nitakuja kuchonga kingo, kung'oa magugu na kuzoa majani makavu. Tunakubaliana malipo ya mwezi na siku maalumu ya juma. Wapo wanaokataa na kutaka kuniita "nikikuhitaji". Hao nawashukuru, nawaachia wengine, kwa sababu wataniita nyasi zikiwa magotini na nitarudi kwenye kosa lilelile.

Bei inawasumbua wengi. Mimi huhesabu dakika tangu ninapowasili hadi ninapoondoka: kushusha vifaa, kukagua, kukata, kuchonga kingo, kufagia, kupakia. Kisha naongeza muda wa njiani. Juu yake naweka petroli, oili, uzi wa mashine ya kufyeka na kunoa kisu, halafu fungu la kununulia mashine nyingine hii itakapochoka. Fungu hilo la mwisho ndilo wanaoanza wanalolisahau. Wanaona fedha mfukoni mwisho wa wiki wanadhani ni faida, kumbe wanaila mashine yao kidogo kidogo, na siku itakapokufa hawatakuwa na ya kuirithi. Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa hivyo hasa.

Umbali nao unakula fedha kimyakimya. Niliwahi kupata mteja mwenye uwanja mkubwa upande wa pili wa mji, aliyelipa kuliko wote. Nilijivunia sana kazi ile. Nilipoanza kuandika muda nikagundua kwamba nusu ya siku ilikuwa inaishia barabarani, na kwamba viwanja vitatu vidogo vya mtaa mmoja viliniingizia zaidi kwa saa. Kumwacha kuliniuma, maana nilikuwa nahitaji kila senti. Siku hizi nikimaliza uwanja nawasalimia majirani wa kulia na wa kushoto kabla sijapakia vifaa. Wameshauona mkato kwa macho yao, na hakuna tangazo lililowahi kuniletea wateja kama salamu hiyo.

Turudi kwenye mashine. Kwa kuanzia, ya kusukuma yenye injini ya petroli inatosha kabisa, mradi vipuri vyake vinapatikana karibu nawe na unaweza kuifungua mwenyewe. Ile ya kwanza kabisa, aliyoibuni Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830, ilikuwa ya silinda, na ilikata kwa visu kupishana kama makasi. Nyingi tunazotumia leo zina kisu kimoja kinachozunguka chini ya kifuniko cha mashine, na kinakata kwa kasi tu. Kikiwa butu kinachana nyasi badala ya kuzikata. Kesho yake ncha zinageuka kijivu na kahawia, uwanja mzima unafifia, na mteja aliye dirishani anahisi kazi si nzuri ingawa hawezi kukwambia kwa nini. Mimi nanoa kwa tupa kila baada ya saa kama 20 za kazi. Nikimaliza nakitundika kisu kwenye msumari kupitia tundu lake la katikati. Upande ukilala, naupunguza, kwa sababu kisu kisicholingana hutikisa mashine hadi kuharibu shafti.

Kabla hujagusa kisu, chomoa waya wa plagi. Tafadhali usiliruke hili hata siku moja. Injini iliyozimwa inaweza kuwaka ukikizungusha kisu kwa mkono, na hapo ni vidole vyako. Ukiilaza mashine, kichujio cha hewa na plagi vielekee juu, la sivyo oili itaingia kwenye kichujio.

Petroli nunua ya kutumia ndani ya wiki chache. Ikikaa zaidi ya mwezi huanza kuharibika na kuacha utando kwenye kabureta, na asubuhi hiyo utaivuta kamba hadi bega liume huku mteja akikutazama. Mashine ya kufyeka nyingi zina injini inayotaka petroli iliyochanganywa na oili. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu chake, mara nyingi mililita 20 za oili kwa lita 1 ya petroli. Ukiipa petroli tupu, pistoni itakwama, na hiyo injini umeizika.

Mashine hiyohiyo isikaribie mashina ya miti. Uzi wake huchubua gome, na chakula cha mti hupita chini tu ya gome. Ukilizungushia shina mchubuko, mti utakauka polepole, na miezi ikipita hakuna atakayekumbuka chanzo. Mimi hung'oa nyasi kwa mkono kulizunguka shina na kuacha duara la udongo.

Nikifika mahali popote, kwanza nautembea uwanja wote. Natafuta mawe, vipande vya waya, vitu vya kuchezea vya watoto, mipira ya maji. Niliwahi kuacha kufanya hivyo siku moja kwa haraka, na jiwe la ukubwa wa kokwa la embe likavunja kioo cha dirisha. Nilibisha hodi kabla mwenye nyumba hajatoka, nikamwonyesha, nikalipa. Alibaki mteja wangu kwa miaka. Watoto na mbwa waingie ndani hadi umalize. Vaa miwani, vizibo vya masikio na buti ngumu hata kwenye joto. Kwenye mteremko, mashine ya kusukuma ipite kukata mteremko kwa upande, ya kupanda ishuke na kupanda moja kwa moja, na mteremko ukiwa mkali iache kabisa.

Mvua itakuharibia ratiba. Nyasi zilizolowa hushikana mabonge, magurudumu yanaacha mifereji, na wewe unateleza. Usilazimishe. Mpigie mteja asubuhi, kabla hajakupigia yeye, umtajie siku utakayokuja badala yake. Nimeona wateja wakisamehe mkato usiopendeza, lakini wale waliokaa wakisubiri bila taarifa sikuwapata tena.

Vipande vifupi vilivyokatwa viache palepale uwanjani. Vinaoza haraka na kurudisha naitrojeni ardhini, na wewe unaokoa mizigo ya kubeba. Baadhi ya wateja wataona ni uvivu, basi waeleze mapema. Kupulizia dawa za magugu usikuingilie kwa pupa kwa kuwa mteja ameomba. Nchi nyingi zinadai kibali kwa anayepulizia kwa malipo, na dawa ya kuua magugu ya majani mapana ikipeperushwa na upepo inaua maua ya jirani.

Nina daftari lenye ukurasa kwa kila uwanja: tarehe, urefu niliouacha, mwelekeo niliokatia mara ya mwisho ili nibadilishe safari hii, na dakika nilizotumia. Mwanzoni mwa msimu wangu wa pili nililikagua nikaona uwanja mmoja unanichukua karibu mara mbili ya muda niliokadiria, kwa sababu ya kingo nyingi za maua. Nilikaa na mwenyewe, mzee mmoja mstaafu, nikamfungulia ukurasa wake na kumwomba bei mpya. Alisoma zile dakika mstari kwa mstari, akarudisha daftari. "Sawa," akasema, "ila Jumanne yangu usiibadilishe."