Raga ya mtaani haianzi na jezi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tabata aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nina vijana ishirini, tunataka kuanzisha timu ya raga. Wafadhili wa jezi tunawapata wapi?" Nilikuwa kwenye daladala naelekea Mbagala. Nilicheka mpaka konda akanigeukia. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, neno kwa neno, na lilinila msimu mzima.

Ugonjwa wangu ulianza 2016, Kenya walipowafumua Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore ya raga ya wachezaji saba. Niliangalia kwenye simu ya rafiki yangu, kioo kimepasuka. Baadaye nikacheza kidogo na watu wa mjini, nikaona nimeiva, nikarudi mtaani kuwa kocha.

Nikaanza na jezi. Nilizunguka na daftari la michango, nikachapisha 15, namba mgongoni. Wiki ya pili tu nikaanza kuwafundisha kukabana, yaani kumdaka mwenye mpira na kumwangusha chini, maana niliona hiyo ndiyo raga yenyewe. Jumamosi ile mtoto wa miaka kumi na minne akaangukia bega. Mfupa wa mtulinga ukakatika, tukausikia.

Jumatatu mama yake alikuja kiwanjani. Mkono wa mtoto umening'inizwa kwa kanga shingoni. Nilijiandaa kutukanwa, wala hakunitukana. Alisema, "Baba, mimi nilidhani unawafundisha mpira." Akaondoka. Wiki ile ile watoto ishirini na wawili wakawa watano. Jezi zikabaki chumbani kwangu, na mbili kati yake mdogo wangu alifutia bodaboda. Yule mtoto hajarudi mpaka leo. Tukikutana ananiamkia vizuri tu, na hapo ndipo roho inaponiuma.

Kilichoniokoa ni rede. Jioni moja nimekaa barazani nawatazama mabinti wakicheza, mmoja katikati anakwepa mpira: kiuno huku, bega kule, anapiga chenga bila kuguswa. Nikajiambia, huyu ndiye winga niliyekuwa namtafuta.

Nikaenda kwa fundi cherehani nikaomba makapi ya vitenge. Tukakata vipande vya urefu wa mkono, kila mtoto viwili, anachomeka kiunoni, kushoto na kulia. Ukimchomoa mwenye mpira kipande kimoja, umemkaba, lazima aachie pasi. Hakuna kuangushana. Raga ya namna hii watoto wanaicheza nchi nyingi duniani, sikuigundua mimi. Vitenge tu ndivyo vyangu.

Kazi ilikuwa kwenye pasi. Mtoto wa Dar amekua na chandimu, mpira kwake unakwenda mbele. Leo unamwambia akimbilie mbele lakini pasi ya mkono irudi nyuma au iende pembeni! Nikaweka sheria: ukipasia mbele, timu yako nzima inakaa chini kwenye mchanga huku wapinzani wanapita. Siku ya tatu walikuwa wanakemeana wenyewe, mimi sauti nimepumzisha.

Na mabinti wakatuaibisha. Mmoja anakuja na hijabu yake na suruali ya trakisuti, wavulana walishindwa kumchomoa kitenge jioni nzima. Kaka yake akalalamika kwamba amekishonea. Tukakagua mbele ya watu wote. Hakikushonwa.

Kukabana tulikuja kukurudia baada ya miezi minne, kwa kupiga magoti kwanza: shavu nyuma ya paja, mikono miwili inakumbatia, kichwa hakikai mbele ya magoti ya mkimbiaji. Na mtoto aliyegonga kichwa anatoka, hata akiapa kwamba yuko sawa. World Rugby, shirikisho la raga duniani, wenyewe wanasisitiza hivyo: ukishuku tu, mtoe. Hapo sibembelezwi, hata kama ni fainali.

Muda nao uangalie. Nilipanga mazoezi asubuhi ya Jumamosi nikabaki na mbwa wa jirani, watoto wote wako madrasa. Nikaenda kumwona ustadhi, tukakubaliana saa kumi jioni. Ni maongezi ya dakika tano ambayo nilichelewa mwaka mzima kuyafanya.

Sasa niseme la moyoni. Mwaka jana klabu moja ya mjini ilichukua vijana wangu wanne bila hata kunipigia simu. Nilijua kwa kuona picha kwenye stetasi, wamevaa soksi mpya. Nilinuna mwezi mzima. Sisemi wasiende, mtoto akikua lazima atoke. Lakini jamani, mtu akikuoteshea mchicha si unabisha hodi kabla ya kuchuma? Na nyie makocha wa mitaani, acheni kuwafungia watoto kama kuku. Acheni pia kukimbizana na wafadhili huku hamjawahi kukaa na mzazi hata mmoja. Mama akikuamini, mtoto anakuja hata na mvua ya masika. Asipokuamini, jezi utazifutia pikipiki.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Tabata, marahaba. Fundi cherehani wa mtaa wenu unamjua. Kwa timu mbili za saba saba unahitaji watu 14, na ishirini unao tayari. Ila ujumbe wako nimeurudia mara tatu: kati ya hao ishirini, mabinti ni wangapi?