Nilimpelekea mkungu wa ndizi

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, rafiki yangu wa utotoni figo zimefeli. Naogopa hata kumpigia simu. Nimwambie nini?"

Kaniuliza mimi, mtu aliyevurunda.

Mimi na Golikipa, ndivyo tulivyomwita, tumekulia Tukuyu, wilayani Rungwe. Chandimu tulicheza kwenye matope, yeye golini kwa sababu hakuogopa kuchafuka. Niliposikia anasafishwa damu Mbeya mjini, mara 3 kwa wiki, masaa 4 kila mara, nikakaa miezi miwili nikisema nitaenda, nitaenda. Nilipokwenda sasa, nilikwenda kishujaa: mkungu wa ndizi, ndoo ya maparachichi, na viazi.

Mkewe akautazama mzigo, akanitazama mimi. "Shemeji, unataka kumuua?"

Vyote vitatu vina potasiamu nyingi. Figo zikishindwa kuitoa, inajaa kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo. Hata maji anapimiwa. Viazi vyenyewe anachemshiwa, maji yanamwagwa, vinachemshwa tena, halafu anapewa vipande viwili. Mtu wa Rungwe huyo!

Golikipa akacheka mpaka akakohoa. "Umejifunga mwenyewe, mzee."

Kisha akanipa mkono wa kushoto niushike. Pale walipounganisha mishipa kwa ajili ya mashine panatetema chini ya ngozi, kama friji kuukuu. Sikujua niuachie lini. Tukakaa hivyo, tunabishana nani alivunja dirisha la kanisa mwaka ule. (Ni yeye.)

Kwa hiyo ndugu yangu, maneno utayakuta hukohuko. Uliza kwanza anaruhusiwa kula nini. Nenda siku ya mashine, maana masaa 4 ni marefu ukiwa peke yako. Ukikosa nafasi tuma nauli, wala usisubiri kuombwa. Na uulize chakula, narudia.

Wenzetu tuliosoma nao walichanga mara moja, wakapiga picha naye, wakapotea. Bado inaniuma, sifichi. Mnaoandika "pole sana" halafu mnafunga simu, huyo mtu mmekula naye sahani moja! Mnangoja tangazo la msiba ndipo mkodi Kosta?

Mimi sasa kila Alhamisi niko naye.

Mkungu mkewe aliukataa kabisa, kwamba ukilala ndani jamaa ataamka usiku aibe. Nikarudi nao Tukuyu, na konda akanitoza hela ya mzigo mara ya pili.