Jibu: Maktaba yetu wakati wa korona, vitabu vilipita kituo cha maziwa

Mleta mada umeuliza wakutubi wa mikoani tuliwafikiaje wasomaji wakati wa korona, na tujiandae vipi gonjwa jingine likija. Najibu kwa niliyoyaona Rungwe, mkoani Mbeya, Tanzania, kwenye maktaba ndogo ya jamii ninayoisimamia nje kidogo ya Tukuyu.

Shule zilifungwa Machi 17, 2020, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini. Tukaambiwa masomo yapo redioni, kwenye luninga na mtandaoni. Sawa, lakini nyumba nyingi za huku simu ilikuwa moja, ya kitochi, na baba anaondoka nayo alfajiri. Halafu Machi hadi Mei kwetu ni mvua juu ya mvua, bodaboda zenyewe zinasukumwa kwenye tope. Kuzungusha vitabu nyumba kwa nyumba tusingeweza.

Kilichotuokoa ni kituo cha kukusanyia maziwa. Wafugaji huku ni wengi, na kila asubuhi mtu wa nyumbani anapeleka maziwa yakapimwe. Nikaongea na mama anayeyapokea, akakubali kreti letu likae chini ya meza yake, karibu na ndoo ya kunawia. Mtoto anaandika anachotaka kwenye kikaratasi, kinakuja na dumu la maziwa. Kesho yake kitabu kinapanda mlimani na dumu tupu. Hadithi hazikuombwa sana. Walitaka mitihani ya miaka ya nyuma, ya darasa la saba na ya kidato cha nne.

Ndiyo maana nasema, wakati wa hofu usihangaike kufungua njia mpya. Pita ile ambayo watu wanaipita kila siku, kwa mkono wa mtu wanayemwamini. Kuna bibi alimwuliza yule mama, "Mwanangu, hiki kikaratasi cha kunawa mikono kinasemaje?" Akamsomea palepale kwa Kinyakyusa, foleni nzima ikatulia. Mimi hata ningekuja na kipaza sauti nisingesikilizwa vile.

Vitabu vilivyorudi tulivitandaza kwenye mabenchi siku tatu kabla ya kuviazimisha tena. Vipimo vya REALM, mradi wa huko Marekani uliochunguza virusi vya korona kwenye vifaa vya maktaba, mwaka huohuo vilionyesha kuwa kwenye vitabu vilivyorundikwa virusi vilionekana hata baada ya siku sita. Baadaye ikaeleweka kwamba hatari kubwa ni hewa, kwa hiyo leo ningehangaika zaidi na madirisha na msongamano.

Shule zilipofunguliwa Juni 29, vitabu kadhaa havikurudi. Faini sikumdai mtu, na sijuti.

Kwa kujiandaa, andika mapema namba za wapokea maziwa, wenye maduka na mabalozi wa nyumba kumi wa eneo lako. Ukipata vijisenti, anza kurudufu mitihani kabla ya kununua kitu kingine chochote.