«Same» inaenda na «as»

Dada, mwalimu hakukuonea alipokata hiyo «same like you» kwenye daftari lako. Kiingereza kinataka «the same as», na hiyo «the» usiisahau. Sisi wa Goma «kama» imetuzoeza vibaya, inafanya kazi zote.

Chukua vitenge viwili pale soko la Virunga: rangi moja, maua yale yale, basi «this one is the same as yours». Vikilingana urefu tu, «as» inakaa pande zote mbili: «as long as yours». Penye «like» ndipo wengi wanaanguka. «She works as a nurse», huyo ni muuguzi kweli, analipwa (akilipwa!). «She works like a nurse», labda ni shangazi yako tu anayehangaika na wagonjwa.

Kwenye kuitikia, kwetu «hata mimi» inatosha popote. Mwingereza anatazama kitenzi cha mwenzake: «I like sombe», jibu «so do I», «I am tired», «so am I». Akikanusha, «I don't like it», sema «neither do I». Ni kama «moi aussi» na «moi non plus» za Kifaransa chako.